Sweta la Kompyuta

Nilipopunguzwa kazi kwenye shirika la umma, miaka ile mashirika yalipokuwa yakifungwa moja baada ya jingine na sisi makarani tukiambiwa kwamba soko huria litatutunza, nilifanya jambo ambalo ndugu zangu wote walilihesabu kuwa ni wazimu. Wenzangu walinunua mashine za kusaga, wengine wakafungua maduka ya mitumba. Mimi nilichukua kiinua mgongo changu nikanunua kompyuta kuukuu ya Mzungu mmoja, mtaalamu wa kilimo, aliyekuwa anafunga mradi wake pale Njombe ili arudi kwao. Hata huko kwao kompyuta ya namna ile ilikuwa imeshapitwa na wakati. Monita yake, au kioo kama tulivyokiita, ilikuwa nzito, ina kisogo kirefu nyuma, na ilijua rangi moja tu, kijani. Mimi niliiona ni kitu cha maana kuliko vyote nilivyowahi kumiliki, na kwa kweli ilikuwa hivyo, maana kabla yake nilikuwa na baiskeli.

Nilipanga chumba karibu na stendi, nikaandika ubaoni kwamba hapa panachapwa barua, kadi za harusi, mikataba na maombi ya kazi. Maombi ya kazi ndiyo yaliyokuwa mengi, kwa kuwa kazi hazikuwepo.

Mama yangu alikuja kuliona duka wiki ya kwanza. Alikuwa mjane, mkulima kijijini kwetu njia ya Lupembe, ana chai kidogo na viazi, na maneno yake alikuwa anayatoa kwa kipimo. Mpango wangu wa kompyuta hakuwahi kuusifu wala kuupinga, jambo lililonitesa zaidi kuliko kama angenigombeza. Alizunguka meza mara mbili, akachungulia nyuma ya monita kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, kisha akakaa.

"Shamba lako lipo," akaniambia. "Na jembe lako liko nyuma ya mlango, palepale ulipoliacha. Nakupa mpaka mvua zijazo. Zikikukuta kidude hiki hakijasimama, njoo ulime."

Niliposikia hivyo moyo ulinishuka. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, nimevaa tai, na mama yangu alikuwa amenipa muda wa majaribio kama kibarua. Niliapa kimoyomoyo kwamba lile jembe litaliwa na kutu.

Kabla ya kuondoka aliweka kiganja chake juu ya monita, ambayo asubuhi hiyo nilikuwa sijaiwasha. Akatikisa kichwa. "Kina baridi hiki," akasema. Akatoa uzi mfukoni, akaipima monita urefu, upana na kina, akafunga mafundo matatu kwenye ule uzi na kwenda zake kupanda gari.

Lazima nieleze kidogo, kwa ajili ya wale ambao hawakulelewa kwetu. Katika nyumba zetu kitu chochote cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, viti vina vyao, chupa ya chai ina chake, na juu ya kabati kuna kingine ambacho hakifuniki chochote ila kabati lenyewe. Mwanamke anayeacha redio yake wazi husemwa. Basi mwezi haukuisha, mama akarudi na kifurushi. Hakutumia uzi wa pamba kama wa vitambaa vya watu wengine, kwa sababu, alisema, pamba haimletei mtu joto hapa Njombe. Alikuwa amefumua masweta mawili ya mitumba, moja la bluu na moja la rangi ya maziwa, akafuma upya kitu ambacho sijawahi kuona mfano wake. Kilifunika juu, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na kisogo chote mpaka chini, kikaacha uso tu. Kwenye paji la uso alikuwa ametarizi maneno ASANTE MUNGU. Aliivalisha monita kwa mikono yake, akaivutavuta pembeni ikakaa sawasawa.

Kwa vile uso ulikuwa wazi, niliweza kufanya kazi bila kulivua sweta lile. Watu wa stendi waliingia kuangalia tu. Waliniuliza kama kompyuta ina kifua. Niliwacheka na mimi, lakini siri yangu ni kwamba siku ile mama alipoondoka niligeukia ukutani nikajifanya natafuta karatasi. Katika mambo yote niliyofanya tangu nipunguzwe kazi, lile sweta lilikuwa jibu la kwanza kutoka kwake ambalo halikuwa jembe.

Miezi ya kwanza mambo yalienda. Kazi zilikuwa ndogondogo, barua moja asubuhi na moja jioni, na katikati nilizima mashine ili kupunguza umeme. Kisha wateja wakaongezeka, nikawa naiwasha asubuhi na kuizima magharibi, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kila baada ya saa moja hivi maandishi yalianza kutetemeka. Yakasinyaa kuelekea katikati, yakawa mstari mmoja wa kijani, mstari ukawa nukta, na nukta ikafa. Nikizima na kwenda kunywa chai, nikirudi inawaka kama hakuna lililotokea. Baada ya muda inazimia tena.

Ilikuwa mwezi wa sita, na mwezi wa sita Njombe maji ya kunawa yanauma vidole. Mtu yeyote mwenye akili angejua ugonjwa ni baridi. Mimi nilikuwa na akili. Nikachukua blanketi la kitandani kwangu nikalizungusha juu ya sweta. Hali ikawa mbaya zaidi. Sasa ilizimia kila nusu saa. Nikaona maradhi yamezidi, nikawasha jiko la mkaa na kuliweka chini ya meza. Siku hiyo haikumaliza hata robo saa. Nilikaa pale natokwa jasho katikati ya kipupwe, nikiwa na uhakika kabisa kwamba monita yangu inakufa kwa baridi.

Wateja nao hawangoji. Kwa kuwa nilijifunza kuchapa kwa mashine za zamani, nilijiona naweza kuendelea kuchapa bila kuona wakati kioo kimezimia. Hivyo ndivyo zilivyotoka kadi hamsini za harusi zilizomwozesha bibi harusi kwa mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa mwenye wajukuu tisa, huku bwana harusi akitajwa chini kabisa kwamba ndiye atakayepokea michango. Mwenyekiti hakukasirika sana. Aliomba abaki na kadi mbili. Aliyekasirika ni mke wake, na alikuja mwenyewe dukani na mwavuli ingawa jua lilikuwa linawaka.

Basi nikaamua kwenda Makambako, kwa fundi redio ambaye watu walisema hajashindwa na kitu chenye waya. Sweta nililikunja vizuri nikaliacha kabatini. Makambako ina upepo na vumbi, na sikutaka kazi ya mikono ya mama ichafuliwe huko. Monita niliifunga kwenye blanketi nikapanda nayo basi, nimeipakata, kasha la kompyuta likiwa miguuni pangu. Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu nami alinisogezea nafasi, akauliza kwa sauti ya chini mtoto ana miezi mingapi.

"Si mtoto, mama," nikamwambia. "Ni kioo. Kinaumwa."

"Kinaumwa nini?"

"Kinazimia."

Akalivuta vizuri blanketi kwa upande wake, upepo usiingie. "Pole," akasema. "Tangu lini?"

Yule fundi alikuwa mwenyeji wa Kigoma. Miaka mingi nyuma alishuka Makambako kubadilisha gari aende Songea, gari likachelewa, akamtengenezea mwenye hoteli redio ili apate chakula, na hadi leo hajafika Songea. Alikuwa mtu wa swala tano, mpole, mwenye kofia nyeupe ambayo sikuwahi kuelewa inabakije nyeupe katika vumbi lile. Aliifungua monita kisogo, akaweka lile ganda pembeni, akaiwasha ikiwa wazi vilevile, matumbo nje, mlango wa kibanda chake umeachama na upepo wa Makambako unapita ndani kama uko kwao.

Ikawaka. Ikaendelea kuwaka. Ikapita saa moja, ikapita adhuhuri, ikapita alasiri. Watu walikuja kuangalia kile kijistari cha kijani kinachowakawaka peke yake kwenye kioo, mpaka wakajaa mlangoni.

"Kinangoja nini?" akauliza mpiga debe mmoja.

"Kinangoja kuambiwa," akajibu fundi.

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

"Kina adabu," akasema mpiga debe, akaendelea kuangalia.

Hata hivyo fundi hakuwa mtu wa kumrudisha mgonjwa bila dawa. Alipitisha risasi ya kulehemu kwenye viungo vyote alivyovitilia shaka, akafunga ganda, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilirudi Njombe nina furaha. Jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kuvua koti, ni kuivalisha monita sweta lake. Kesho yake saa nne ikazimia.

Nilirudi Makambako. Fundi akaifungua, ikawaka siku nzima. Akasema labda ni umeme wa Njombe, mdogo, unakuja na kuondoka. Akanifungia kifaa cha kusawazisha umeme. Nikarudi, nikaivalisha sweta, ikazimia. Nikaenda mara ya tatu, na sasa makondakta walikuwa wananijua. Mmoja alinisalimia, kisha akauliza hali ya mgonjwa. Fundi akabadilisha vipuri viwili alivyovitoa kwenye televisheni iliyokufa. Siku nzima ikawaka. Nikarudi, nikaivalisha, ikazimia.

Wakati huo mwezi wa kumi ulikuwa unaisha na mawingu yalianza kukaa juu ya vilima kila alasiri. Nilikuwa nayaangalia mawingu yale kama mtu mwenye kesi. Mama alinitumia salamu kwa dereva kwamba yeye hajambo, na je, kidude kimesimama? Nilimjibu kwamba kinaendelea vizuri. Usiku nilikuwa naota jembe.

Mara ya nne sikubeba monita. Nilikwenda mikono mitupu na hasira tele, nikamwambia fundi kwamba amenichezea. Hakupandisha sauti. Alimaliza kufunga redio ya mtu, akasema, "Ndugu yangu, kitu hiki kwangu kizima, kwako kinaumwa. Basi kinachoumwa si kitu. Ni nyumba yako. Kesho nakuja kuiona."

Kesho yake alishuka stendi ya Njombe na mkoba wake wa vyuma, anatetemeka, kwa maana upepo wa Makambako ni mkali lakini baridi ya Njombe ina makusudi. Bahati yangu ikataka kwamba asubuhi hiyo hiyo mama naye ashuke kutoka Lupembe, kikapu mkononi, aje kuhakikisha kama salamu zangu ni za kweli. Wakakutana mlangoni.

"Shikamoo mama," akasema fundi.

"Marahaba. Kamwene," akajibu mama, akiongeza salamu ya kwetu, akampa nafasi atangulie, kwani mgeni ni mgeni.

Fundi aliingia, akaiona monita. Nilikuwa nimeiwasha muda si mrefu, imevaa sweta lake la bluu na maziwa, juu yake blanketi, chini yake jiko. Alisimama. Aliangalia sweta, akaangalia jiko, akaniangalia mimi. Akafungua mdomo.

"Hili vazi," akaanza, "nani hasa..."

"Mimi," akasema mama. "Nililifuma mwenyewe."

Fundi akafunga mdomo. Akainama akatoa kipimo chake cha umeme na kupima soketi ambayo haikuwa na kosa lolote. Akapima waya. Akapima mpaka swichi ya taa. Nilimfuata pembeni nikamuuliza kwa kunong'ona ameona nini, naye akanong'ona bila kunitazama, "Nimeona. Lakini mimi nina mama Kigoma, na siwezi kumwambia mama wa mtu kwamba kazi ya mikono yake ndiyo ugonjwa. Mwambie wewe, ni wako."

Nilielewa pale pale, na nilivyoelewa nilitamani jiko lile linimeze. Zile safari zote. Matundu ya kupumulia ya monita yalikuwa mgongoni na juu, mamia ya matundu madogo, na mimi ndiye niliyekuwa nayaziba kila asubuhi kwa mapenzi yangu yote, nikirudi Makambako naivua, nikirudi nyumbani naivika. Ningemwambiaje? Lile sweta ndilo neno zuri pekee alilonipa mwaka mzima. Nikilivua mbele yake, nimebaki na nini? Nimebaki na jembe. Nikamnong'oneza fundi kwamba siwezi. Akaninong'oneza kwamba na yeye hawezi. Tukasimama pale, wanaume wawili wenye ndevu, tunapima soketi.

Wakati huo maandishi yakaanza kutetemeka. Yakasinyaa, yakawa mstari, yakawa nukta, yakafa, mbele ya mama, siku ambayo wingu jeusi lilikuwa limeshafika juu ya stendi.

Mama aliweka kikapu chini. Hakuniangalia mimi wala fundi. Alikwenda moja kwa moja kwenye monita, akaingiza mkono chini ya blanketi, akapitisha kiganja chini ya sweta, na kukiacha hapo. Alikuwa amelea watoto saba, na nilimwona akifanya vile vile alivyokuwa akitufanyia sisi, kiganja kwanza, kisha mgongo wa mkono.

"Ana homa huyu," akasema.

Fundi akarudisha kipimo chake mkobani.

"Anachemka. Mtoto mwenye homa anavikwa blanketi?" Akavuta blanketi akalitupa kitini. "Na moto chini yake?" Akalisukuma jiko nje ya mlango kwa mguu. Kisha akaanza kulivua sweta, taratibu, upande mmoja baada ya mwingine, akilitoa kwenye kona bila kulinyoosha uzi. "Miezi yote hii mnampeleka Makambako, mnamrudisha, mnampeleka. Hakuna hata mmoja wenu aliyemshika kichwa?"

"Mama," nikasema, "nilikuwa sitaki kulivua. Ni wewe ulilifuma."

"Nililifuma kwa kuwa nilikikuta cha baridi," akasema. "Sasa kina joto. Mtu haoni?"

Fundi alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili. Sijui kama alikuwa anacheka au anaomba dua.

Tulikaa sote watatu kungoja. Mama akatoa viazi vya kuchemsha kwenye kikapu, tukala. Monita ikarudi. Saa moja ikapita, na ya pili, na mama hakuondoa macho yake kwenye kile kijistari cha kijani. Mvua ikaanza kupiga bati, ile ya kwanza yenye matone makubwa, na monita ikaendelea kuwaka, uchi kabisa, matundu yake yote wazi, bila aibu. Fundi akasema ni lazima awahi gari. Akamuaga mama kwa heshima zote, akakataa kabisa kuchukua chochote kwa kazi ya siku hiyo, akisema yeye hakutibu kitu.

Tulipobaki wawili nilijikaza nikauliza. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto.

"Mvua ndiyo hii, mama. Niende kulima au nibaki?"

"Ulime wapi?" akasema.

"Shambani kwangu. Ulisema lipo."

"Lipo, lina miti." Alikuwa anakunja lile sweta kwenye mapaja yake, anaondoa nyuzi zilizochomoza. "Nililipanda miwati wiki ile ile uliponunua hiki kidude. Imeshakufika magotini. Utalima katikati ya miwati?"

Mtu akipanda miwati kwetu, miti ya kuni na mkaa, amelifunga shamba kwa miaka mingi. Nilihesabu kichwani. Siku ile aliyokuja akanipa muda mpaka mvua zijazo, miche ilikuwa tayari ardhini. Hakukuwa na shamba. Hakukuwa na pa kurudi hata siku moja.

"Na jembe?"

"Jembe nilimpa dada yako."

"Sasa mama, kwa nini ulinitisha mwaka mzima?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Ningekuambia huna pa kurudi, ungekaa hapa ukalia," akasema. "Nilikuambia jembe linakungoja, ukatafuta fundi."

Nilivuta kiti nikakaa mbele ya monita, kwa sababu kulikuwa na barua ya mtu ya kuomba kazi iliyokuwa imebaki nusu, na mvua ilikuwa imeingiza baridi chumba kizima sasa jiko likiwa nje. Mama alisimama nyuma yangu. Akalikunjua tena lile sweta, akalitandaza juu ya magoti yangu, akalichomeka pembeni vizuri, maneno ASANTE MUNGU yakiwa yamegeukia juu.

"Kumbe mwenye baridi ulikuwa wewe," akasema, akachukua kikapu chake.